Ushauri: gitaa la kidijitali linaloiga vyombo vingine, litaziba pengo la kinanda?

Solo wa Chumbageni:
Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, napiga solo kwenye bendi ya watu wanne, Jumamosi harusini, Jumapili kanisani. Mpiga kinanda wetu amehamishiwa Dodoma kikazi, na tangu aondoke muziki wetu umepwaya. Kwenye kuabudu ndiko naumia zaidi: mchungaji anaomba, nyuma yake kimya. Mjomba anarudi mwezi ujao kutoka Uingereza, kanionea gitaa la hivyo, Line 6 Variax 500 la mtumba, kwa hela yetu kama laki tisa. Nasikia unazungusha kitufe linakuwa banjo, sitar, gitaa la nyuzi 12. Kinanda kimo? Na udi je? Huku kwetu harusi bila taarab hainogi. Hela hizi nimezidunduliza mwaka mzima, naombeni msaada wenu.

Fundi Nyuzi:
Kaka, kinanda hakimo. Gitaa hilo lina kihisi chini ya kila uzi pale kwenye daraja. Kila uzi unasomwa peke yake, kisha kompyuta ndogo iliyo ndani inaupaka mtetemo ule sauti ya gitaa jingine. Kwa hiyo vyote vilivyomo ni vya kudonoa. Ukichagua banjo noti inakatika upesi kama banjo kweli, na nyuzi 12 ni tamu sana, lakini sauti ya kutanda hupati.

Halafu angalia betri. Variax za mwanzo, na 500 imo, hazina pikapu za sumaku, zile zinazonasa mtetemo wa nyuzi kwenye gitaa la umeme la kawaida. Betri ikiisha katikati ya wimbo, gitaa linanyamaza. Zilizokuja baadaye, kama Variax Standard, zinazo, unamalizia kama gitaa la kawaida. Kwa harusi za watu, hilo kwangu ni kubwa kuliko banjo na sitar zote.

Kinanda kitafute kwenye pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa. Electro-Harmonix B9 inachomekwa gitaa lolote kwa kebo ya kawaida, ina vinanda vya ogani tisa, na inakubali kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Ina vitufe viwili vya sauti, kimoja cha gitaa, kimoja cha ogani. Mchungaji akianza kuomba, la gitaa lizime kabisa, gusa nyuzi taratibu, shika kodi usiiachie mpaka inayofuata. Ukikwangua kama ridhimu utaharibu, ogani haipigwi hivyo.

Risha ya Unguja:
Mdogo wangu, nakusalimu. Udi usiutafute kwenye kitufe. Mkono wa udi ni laini, hauna vyuma vya kugawa noti. Noti ya tatu ya Rasti, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu, inakaa katikati ya vyuma viwili vya gitaa lako, sasa kompyuta itaitoa wapi wakati kidole chako hakijaifikia? Sitar ya humo nayo msiifanye udi, ina mlio wa nyuki, wazee watakunja uso.

Na wewe ni wa Tanga! Black Star na Lucky Star walipiga taarab kwa gitaa la umeme likiwa gitaa, na watu wakacheza. Wasikilize wale kwanza. Punguza ukali wa sauti, piga uzi mmoja mmoja, mfuate mwimbaji anakokwenda.

Mi-solo Kigoma:
Ndugu, kama pengo liko katikati ya muziki, sisi wa rumba tuna dawa ya siku nyingi. Toa uzi wa nne, weka uzi mwembamba wa namba moja, uutyuni D ya juu, yaani toni moja chini ya ule wa kwanza. Ndiyo mi-composé ya Kongo. Kodi zilezile unazozijua zinaanza kumeremeta, na pale kati ya solo na besi panajaa. Gharama yake ni uzi mmoja.

Solo wa Chumbageni:
Asanteni sana, mmeniokoa. Mjomba nimeshampigia, Variax aiache, aniulizie B9. Fundi, inatumia adapta ya volti ngapi?

Fundi Nyuzi:
Tisa. Huwa inakuja na adapta yake, lakini mwambie aulize maana ni mtumba.

Solo wa Chumbageni:
Sawa mkuu. Mi-solo, nimefunga huo uzi sasa hivi, gitaa la mdogo wangu. Nimepiga G, C na D tu, mama katoka jikoni kuuliza nani kaja na gitaa la pili.