Walioacha pombe hapa Dar, kiu ikikubana unafanyaje? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Tandika: Wakuu, pombe niliacha mwaka jana. Leo jioni foleni ya Ubungo imetugandisha, dirisha la daladala limeangaliana na baa. Mhudumu kashika chupa shingoni, kapangusa umande kwa kitambaa, kizibo kikalia "tss". Mate yakanijaa kama mtu aliyeonyeshwa embe bichi la pilipili. Nimeshuka kabla ya kituo changu, nikajaza tumbo juisi ya miwa. Nyie mnafanyaje?

Shangazi Mbagala: Umande tena! Umenikumbusha mbali.

Bonge wa Kimara: Mimi mtihani wangu ni mshahara ukiingia, na dabi ya Simba na Yanga. Siku hiyo naangalia mechi nyumbani na watoto, simu nazima. Kiu yenyewe haikai, vumilia nusu saa hivi inashuka. Ila usiwe na njaa, njaa inaichochea.

Kapteni_2: Kunywa bia zisizo na kilevi, kesi imeisha.

Shangazi Mbagala: Imeisha wapi? Harufu ileile, meza ileile, washkaji walewale. Mume wangu alianzia huko huko, wiki haikuisha karudi kwenye Konyagi.

Fundi Manzese: Nyie kiu tu? Kaka yangu alikuwa mtu wa gongo, na viroba kabla havijapigwa marufuku 2017. Tulipomzika mama akaapa hanywi tena, akakata ghafla. Siku ya kwanza mikono inatetemeka, chai yote kwenye kisahani. Usiku akaanguka, povu mdomoni. Usiku wa tatu anaokota siafu kwenye shuka, siafu wenyewe hawapo, mimi ananiita kwa jina la marehemu baba na anadai funguo za gari. Gari hatujawahi kuwa nalo! Majirani wakasema karogwa. Shemeji akagoma, tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Daktari akatugombeza: mnywaji wa kila siku hakati ghafla bila uangalizi, mwili uliozoea pombe ukiikosa unachachamaa hadi kuua. Wakampa dawa za kumtuliza na vitamini B1. Baadaye akaandikiwa naltreksoni ya kupunguza hamu.

Mlokole wa Tabata: Dawa za nini? Funga, omba, pepo la ulevi litatoka.

Fundi Manzese: Aliombewa. Mchungaji ndiye aliyemshika miguu kwenye bajaji.

Kapteni_2: 😂 Na gari alitaka kwenda nalo wapi?

Fundi Manzese: Kariakoo, kununua friji.

Bonge wa Kimara: Hiyo naltreksoni msijinunulie tu. Ini linaangaliwa kwanza, na ukiwa kwenye dawa za maumivu za jamii ya mofini mwambie daktari.

Mtoto wa Tandika: Tumetoka nje ya mada wakuu. Jumamosi nina sendofu ya binamu Sinza, nimo kwenye kamati, na makreti yote yanapangwa meza yetu. Nafanyaje?

Kapteni_2: Toa mchango, usiende.

Shangazi Mbagala: Asiende kwa binamu yake? Nenda mwanangu, kaa na kina mama wa pilau. Glasi yako isiwe tupu, jaza soda mwenyewe, hakuna atakayekumiminia.