Kofia za kuchomelea za "sola" zilizozibwa betri: ziendelee kuuzwa?

Wadau, nazungumzia zile kofia zinazojitia giza zenyewe. Msimamo wangu: zenye betri isiyobadilishika zisiruhusiwe sokoni.

Kwa asiyezijua, kile kioo kidogo mbele ya macho kina fuwele kimiminika zilizobanwa kati ya vichujio vya mwanga. Kihisi kikiona mwali wa elektrodi, umeme kidogo mno unafika kwenye fuwele, zinajipanga upya, na kioo kinatoka giza namba 3 au 4 hadi kati ya 9 na 13 kabla hujapepesa jicho. Hakuna kutikisa shingo kushusha kofia. Kitu kizuri, sikatai.

Shida ni hilo neno "sola". Mnunuzi anaamini mwali wenyewe ndio unaoendesha kila kitu, kumbe nyingi zina betri ya lithiamu ndani, imezibwa kwa plastiki. Betri ikichoka, kioo kinaanza kuchezacheza katikati ya mshono: giza, nyeupe, giza. Vichujio vizima, fuwele nzima, kofia inatupwa kwa sababu ya kibetri cha ukubwa wa kifungo.

Mzee wa Karakana: Unatutisha bure, ndugu yangu. Miale ya urujuanimno na ya joto inazuiwa na kichujio cha kudumu hata kioo kikiwa kimezima kabisa. Ule ugonjwa wa kuhisi mchanga machoni usiku unawapata zaidi wanaokodoa macho bila kofia. Tena hizo za kufungua ili ubadili betri zinaingia vumbi la grinda, na watu wanatia betri za ovyo.

Mleta mada: Kwa miale isiyoonekana uko sahihi, mzee. Ila mwanga unaoonekana unabaki, na fundi aliye juu ya ngazi akipigwa nao ghafla anaweza kukosa pa kukanyaga. Vumbi nalo linazuiwa na mpira kwenye kifuniko.

Mchomelea Mabomba: Mnagombania betri, mimi nagombania vihisi. Ukiinama chini ya bomba, kihisi kinafichika na kofia haijui kama umeanza kazi. TIG (uchomeleaji wa elektrodi ya tungsten na gesi) ya ampea ndogo ndiyo kabisa, mwali wake hafifu. Kama ni kuweka sheria, ianze na kofia za vihisi viwili tu: ziandikwe wazi kwamba hazifai kazi hizo.