Flashi kwenye redio ya gari: nyimbo hazifuati mpangilio, nyingine haisomi kabisa

Mzee wa IST:
Wakuu salama? Nina IST, redio iliyokuja nayo toka Japani ilikuwa inaishia FM 90 na maandishi yote kijapani, nikaitoa nikafunga ya kichina ya kawaida yenye tundu la USB. Sasa flashi ya 16GB inasoma fresh ila mpangilio wa ovyo, kwenye laptop nimepanga 1, 2, 3 vizuri lakini redioni inaanza na wimbo wowote inaojisikia, unakuta kwaya imeisha inaingia singeli na bi mkubwa kakaa siti ya mbele 😂. Nikanunua ya 64GB, hiyo ndo inaandika ERROR tu. Mwezi ujao nampeleka Mbeya, naombeni ujanja.

fundi_waya:
Mkuu flashi za 64GB nyingi zinatoka zikiwa exFAT na redio hizi zinaijua FAT32 tu, hizo ni namna mbili za flashi kupanga mafaili ndani yake. Shida ukiformati kawaida kwenye Windows kitu kikizidi 32GB chaguo la FAT32 hulioni, tumia programu inaitwa Rufus, weka "non bootable", chagua FAT32, imeisha. Toa kwanza vitu vyako maana inafuta kila kitu.

Mpangilio sasa. Redio nyingi haziangalii jina la faili, zinafuata ile foleni ya kwenye flashi yenyewe, yani lililoandikwa kwanza ndo linapiga kwanza, na ukifuta wimbo katikati ukaweka mwingine, huo mpya unaweza kwenda kukaa pale pale palipoachwa wazi. Ndo maana kwenye laptop unaona sawa, laptop inakupangia yenyewe machoni tu. Kwahiyo formati, halafu kopi folda moja moja kwa zamu unayotaka.

Dada Mtu:
Na namba andika 01, 02, 03 jamani, kama nyimbo zinavuka mia basi 001. Ukiandika 1 tu, zile redio zinazofuata jina zinapiga 1, 10, 11 ndo zije 2.

konda mstaafu:
Mnateseka bure, unganisha bluetooth maisha yaendelee

Mzee wa IST:
@konda mstaafu simu ikiita gari zima linasikiliza wanaonidai, hapana mkuu 😂

@fundi_waya ya 64 imekubali!! Ila kuna nyimbo kama robo hivi inaziruka, na kwenye simu zinapiga vizuri.

fundi_waya:
Hizo ulizishusha YouTube ukabadilisha jina mwishoni ikawa .mp3, si ndio? Ndani bado ni m4a au opus, aina nyingine za faili za sauti, jina halibadilishi kitu. Zipitishe kwenye programu ya kubadili kweli, VLC inafanya, toa MP3 ya 192 kbps au hata 128 (ndo ubora wa sauti), kwa spika za IST tofauti huisikii.

Dada Mtu:
Kama kuna mtu alikukopia kwa Mac pia cheki mafaili yanayoanza na "._", redio inayaona kama nyimbo, inakaa kimya kidogo inaruka. Futa yote. Na kwaya za mama ziweke flashi yake peke yake, hiyo ya singeli iache nyumbani.

konda mstaafu:
Singeli ikae kwenye dashibodi, kurudi utakuwa mwenyewe