The Gods Must Be Crazy: bado ni filamu ya kuwawekea watoto sikukuu?

Wadau, naleta mjadala ulioshindikana nyumbani kwangu. Shemeji yangu anashikilia kwamba filamu hii ya 1980 ni kichekesho safi, haina matusi, na watoto wawekewe kila sikukuu kama tulivyowekewa sisi. Nilikuwa upande wake mpaka Jumapili, nilipoitazama upya na wanangu.

Nilicheka, sikatai. Lile gari bovu la Andrew Steyn, yule mwanasayansi wa kwenye filamu, lisilo na breki, anahangaika nalo getini, lilinitoa machozi kama zamani tulipojazana kwa jirani mwenye deki, Dodoma. Na N!xau alikuwa na kipaji cha ajabu. Aliigiza Xi, mtu wa Wasan, wale wawindaji wa jangwa la Kalahari, ambaye chupa ya soda inadondoka kwao kutoka kwenye ndege, naye anaenda kuitupa mwisho wa dunia. Nyani anapomwibia ile chupa ya Coca-Cola, yeye hatupi jiwe. Anakaa chini anambembeleza, uso umetulia, kama mtu anayesuluhisha ugomvi wa ndugu.

Hapo ndipo mwanangu wa miaka minane aliponiuliza, "Baba, mbona yule mzee anamsemea?"

Alikuwa na maana ya msimulizi. Xi anaongea lugha yake, na sauti ya Kiingereza inatupa maana, yenye upole wa mwalimu anayeeleza tabia za ndege. Utotoni sikuligundua hilo, kwa sababu mjomba naye alikuwa akimsemea msimulizi kwa Kiswahili.

Na msimulizi anatudanganya. Anasema Wasan hawajawahi kuona kitu cha kigeni, wanaishi bila shida yoyote. Mwongozaji, Jamie Uys, alikuwa wa Afrika Kusini, na hadithi imewekwa Botswana, lakini N!xau alitoka Namibia, upande wa Tsumkwe. Miaka hiyohiyo watu wa Tsumkwe walikuwa wamekusanywa kwenye makazi ya serikali, wanajua duka, pombe na njaa, na jeshi la makaburu likiwaandikisha wanaume wa Kisan wapigane na SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia. Chupa ya soda isingemshangaza mtu pale.

Kuna wale waasi wa Sam Boga ndani ya filamu pia. Weusi wenye bunduki, wajinga, hawajui wanapigania nini. Sisi watoto wa Dodoma tuliwacheka sana, na Kongwa iko mkoa huohuo! Wapiganaji wa SWAPO waliweka kambi Kongwa tangu miaka ya 60, na nchi yetu ilijinyima kwa ajili yao. Hakuna mtu mzima pale sebuleni aliyetuambia lolote. Hili linaniuma kuliko yote.

Shemeji atasema hakuna aliyeumia. Darasani kwetu kulikuwa na kijana Msandawe. Kisandawe kina sauti za kugonga ulimi, kama lugha ya Xi. Baada ya ule mkanda tukambatiza jina: Chupa. Alicheka pamoja nasi. Siku mama yake alipokuja shuleni kumletea ada, alimsalimu kwa lugha yao, naye akamjibu kwa Kiswahili, haraka haraka, akitutupia macho. Mama alirudia salamu. Akajibiwa Kiswahili tena.

Sitaki filamu ipigwe marufuku, maana tungemfuta N!xau, na yeye ndiye uzuri wake wote. Alifariki mwaka 2003, na malipo yake ya filamu ya kwanza yanatajwa kuwa dola mia chache tu. Mtu mzima aitazame, amwangalie yule bwana anavyofanya kazi. Lakini kuiwasha Krismasi au Idi, watoto wamekaa kwenye mkeka na hakuna wa kuwaeleza, mimi napinga.

Mnaosema ni utani tu, nijibuni: mngekuwa na mtoto wa Kihadzabe au wa Kisandawe pale sebuleni, mngeiwasha? Na wenzangu Wasandawe mlioitazama mkiwa wadogo, ninyi ndio ninaotaka kuwasikia kwanza.