Tupeane uzoefu: umefomati mashine, waifai hakuna na draiva haipo. Ulijinasuaje?

Chomeka_Tu
Wakuu habari za jioni. Naleta uzi huu maana nimechoka kujibu kitu kimoja inboksi. Mtu anapiga Windows mpya au anahamia Linux, mashine inawaka safi kabisa, halafu anakuta pale chini kwenye kona hakuna waifai, kuna kialama cha dunia tu. Ili ushushe draiva, ile programu inayoiwezesha Windows au Linux kutumia kifaa, unataka intaneti, na ili upate intaneti unataka draiva, yaani kuku na yai. Basi kila aliyewahi kukwama hapo aseme ilikuwa chipu gani na alitokaje. Nadharia waachieni walimu.

Naanza mimi. Shemeji alinunua laptopu Kariakoo, hizi zilizotumika Ulaya, ikaja na Windows ya Kijerumani, akaniomba niifomati. Nilipomaliza nikafungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikakuta "Network Controller" ina pembetatu ya njano, "Ethernet Controller" nayo vilevile, kwa hiyo hata waya wa ruta usingesaidia. Nikachukua simu yangu ya Android, nikaichomeka kwa kebo, nikaenda kwenye mipangilio ya hotspoti nikawasha tetheringi ya USB, yaani simu inaigawia mashine intaneti kwa kebo, basi. Windows inaiona simu kama kadi ya mtandao, inaandika Remote NDIS, na draiva yake imo ndani ya Windows tayari. Nikaruhusu Windows Update, ikashusha ya waifai yenyewe.

Mambo mawili watu hawayajui hapo. Simu nyingi zikiwa zimeshika waifai ya ofisini au ya jirani, tetheringi ya USB inapitisha hiyohiyo waifai, bando lako haliguswi. Halafu kebo iwe ya data, kuna zile za bei chee ni za chaji tu, ukizichomeka ile swichi ya tetheringi haibonyezeki na utaanza kuilaumu simu bure. Ila kama unatumia bando, draiva ikishaingia chomoa haraka, Windows Update haina huruma, inakwenda kujishushia mizigo mingine yote.

MamaTech254
Naunga mkono ya simu, lakini mwenye iPhone ajue Windows iliyotoka kuwekwa haina draiva ya Apple, kwa hiyo aazime Android ya mtu.

Mimi narepea mashine hapa Nairobi, nyingi ni ex-UK, na siku hizi sifomati kitu kabla sijatoa draiva zake kwanza. Kwani shida iko wapi, kama mashine bado inawaka na waifai yake inashika, draiva si ziko hapo ndani? Chomeka flashi, fungua komandi promti kama admini, unda folda halafu andika

pnputil /export-driver * E:\Draiva

E ni herufi ya flashi yako. Inatoa draiva zote za nje, zile ambazo hazikuja na Windows. Ukishafomati unarudi unaandika

pnputil /add-driver E:\Draiva\*.inf /subdirs /install

na unaona vifaa vinaamka kimoja kimoja, waifai, tachpedi, mpaka kile kisoma kadi ambacho hakuna mtu hukumbuka. Ninaweka folda moja kwa kila modeli, mteja mwingine akija na mashine kama hiyo sitafuti tena kitu mtandaoni. Niliwahi kuletewa na shule kompyuta za maabara zote modeli moja, ya kwanza ikanitosha kwa zingine zote.

Na kama umeshaweka Windows mpya juu ya ya zamani bila kufomati wala kufuta patisheni, angalia kama kuna folda inaitwa Windows.old. Draiva za zamani bado zimo mle, ingia Windows, System32, DriverStore, FileRepository, kisha mwelekeze Device Manager atafute hapo. Wengi hukimbilia kuifuta hiyo folda ndiyo wapate nafasi, wangoje kwanza.

Kanda_ya_Ziwa
Windows.old umenipa kitu kipya mama, shukrani.

Mimi nipo Mwanza na ugomvi wangu na watu ni mmoja, wanatafuta draiva kwa jina la laptopu. Jina la laptopu halikwambii kadi. Modeli ileile moja inatoka kiwandani nyingine ina kadi ya Intel, nyingine Realtek, nyingine MediaTek, kutegemea ilitengenezwa kwa soko gani na mwezi gani, sasa wewe unashusha ya Intel, unainstoli, inakuambia imekamilika, na waifai haipo, unaanza kusema mashine mbovu.

Kadi iulize yenyewe. Kwenye Device Manager bonyeza kulia ile yenye njano, Properties, kisha Details, pale kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_10EC&DEV_C821. VEN ni mtengenezaji, DEV ni chipu. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 14C3 ni MediaTek. Hiyo niliyoandika ni RTL8821CE, ipo sana kwenye laptopu za bei ya kati. Ukikuta 8086 na 2723 hiyo ni Intel AX200. Piga picha kwa simu, tafuta hizo namba, utafika kwenye draiva yenyewe bila kuzungushwa.

Wakati mwingine faili ulilopata ni exe na linagoma, linasema mashine hii haihusiki. Usilitupe. Lifungue kwa 7-Zip kama unavyofungua zip, ndani humo kuna faili la inf, lile linaloielekeza Windows jinsi ya kuweka draiva, mwelekeze Windows hapo kwa mkono na uweke tiki ya folda za ndani. Hili limenisaidia mara nyingi kuliko hata tetheringi, maana wateja wengine wanaleta mashine nipo kijijini na mtandao wa simu wenyewe wa kubahatisha.

Na tafadhali acheni zile programu za kushusha draiva zote kwa mbofyo mmoja, unaweka draiva moja unaondoka na brauza mbili na antivairasi usiyoiomba. Kama lazima, ipo Snappy Driver Installer Origin, ya bure na msimbo wake uko wazi, na huna haja ya kubeba mzigo wake wote wa magigabaiti, chukua pakiti za mtandao tu uweke kwenye flashi. Waifai ikishawaka vingine utavipata.

dongo_la_elfu
Mnajichosha. Nunua kidongo cha waifai cha USB, chomeka, maisha yaendelee.

Chuga_Root
Mkuu hapo juu, kidongo nacho kina draiva. Ndani ya boksi wanakupa kisidii kidogo na laptopu za siku hizi hazina hata pa kukiweka.

Mimi nilinunua kimoja kimeandikwa kabisa hakihitaji draiva. Nikakichomeka kwenye Linux, ikatokea diski ya sidii badala ya waifai. Kumbe ndiyo walivyokitengeneza, kinajitambulisha kwanza kama diski yenye draiva za Windows ndani, ukiziinstoli ndio kinageuka kuwa kadi. Kwenye Windows ni ujanja mzuri tu, ila Linux inabaki inaangalia diski. Nikapiga lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, nikaona 0bda:1a2b, 0bda ni Realtek wa upande wa USB, nikakigeuza kwa

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

na hapohapo jina likabadilika, kikawa 8821CU. Kama kerneli yako, yaani kiini cha Linux, ni 6.2 kwenda juu draiva ya hicho imo tayari. Chini ya hapo itabidi ujenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo, na ukijenga hakikisha umetumia DKMS, inayoijenga upya draiva kila kerneli ikibadilika, la sivyo siku kerneli ikiapdeti unaamka waifai hakuna tena na hukumbuki hata ulifanyaje mara ya kwanza.

Pwani_Linux
Chuga umenena. Nami niongeze ya MacBook Air za Intel, ndugu zangu, maana huku Mombasa vijana wengi wanazinunua zikiwa zimezeeka, haziapdeti tena, wanaweka Ubuntu. Ile mashine haina tundu la Ethernet hata moja, na waifai yake ni Broadcom, mara nyingi BCM4360, ambayo kerneli haina draiva yake iliyo huru. Basi ukimaliza kuinstoli umekaa na mashine nzuri isiyoongea na mtu. Dawa ni simu tena, Linux inaishika Android kwa tetheringi bila kuuliza, kisha

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

ukiristati waifai hiyo. Kwenye Debian pakiti inaitwa broadcom-sta-dkms na lazima uwe umefungua ghala la non-free.

Na kuna kitu watu wanachanganya, draiva na fimwea. Kadi za Intel kwenye Linux draiva yake, iwlwifi, imo ndani ya kerneli, kinachokosekana ni fimwea, lile faili ambalo kadi yenyewe inapakiwa ikiamka. Piga dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa kerneli, utaliona inalilia kwa jina. Debian zamani hawakuziweka kwenye diski yao rasmi kwa sababu si programu huru, ulikuwa unabeba flashi ya pili kama mgeni anayekuja na chakula chake, lakini kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 zimo. Kwa hiyo kama bado unahangaika na diski ya Debian 11, hebu badilisha diski tu.

Halafu Secure Boot, ule ulinzi wa mashine unaokubali programu zenye saini tu wakati wa kuwaka. Ukijenga draiva mwenyewe na Secure Boot imewashwa, kerneli inaikataa kwa sababu haina saini. Wakati wa kuinstoli inakuuliza utunge nywila, ukiristati inakuja skrini ya bluu imeandikwa MOK, watu wanaiogopa wanabonyeza endelea inapita. Usipite! Chagua Enroll MOK, weka ile nywila, basi.

Nuru_ZNZ
Jamani naombeni msaada kidogo, samahani kwa kuingilia. Mimi hata kwenye desktopu sijafika, Windows 11 inaniambia niunganishe mtandao ndio niendelee, waifai haionyeshi na kitufe cha mbele hakibonyezeki. Laptopu haina tundu la waya.

Chomeka_Tu
Nuru dada hujaingilia, ndio kazi ya uzi. Simu ya Android kwa kebo inafanya kazi hata kwenye skrini hiyo, jaribu hiyo kwanza. Ikikataa bonyeza Shift na F10, itafunguka skrini nyeusi, andika OOBE\BYPASSNRO, itaristati na kukupa njia ya kuendelea bila intaneti. Ila Microsoft walianza kuiondoa hiyo njia kwenye matoleo ya majaribio mwaka 2025, kwa hiyo kwa matoleo mapya usiitegemee sana. Kwenye toleo la Windows 11 la 24H2 angalia palepale kwenye ukurasa wa mtandao, kuna kitufe cha kuinstoli draiva, unaweka draiva iliyofunguliwa kwenye flashi unamwonyesha folda.

Mzee_wa_Bayosi
Vijana mmeongea vizuri ila si kila waifai iliyopotea imekosa draiva. Someni namba ya kosa kwanza. Code 28 ndiyo draiva haipo. Code 22 kuna mtu amekizima. Code 10 kifaa kimeshindwa kuanza, na hapo wakati mwingine unaweza kuinstoli draiva mpaka kesho kutwa na kisibadilike kitu.

Nililetewa laptopu ambayo kadi ilipotea kabisa kwenye orodha, fundi wa kwanza alishafomati mara kadhaa na akamwambia mwenyewe kadi imekufa. Nikaizima, nikatoa chaja, betri ilikuwa ya kuchomoka nikaitoa, nikashikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, nikarudisha. Kadi hiyo hapo, na mteja akaniuliza kama hiyo nayo ninamlipisha. Namlipisha ndiyo, si alikuja na kadi iliyokufa? Kuna umeme unabaki kwenye ubao na kadi inabaki imeganda, ristati ya kawaida haimalizi.

Laptopu za zamani zina swichi ya pembeni ya waifai, angalieni. Ingieni bayosi, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, muone kama kadi haijazimwa. Kwa Linux, rfkill list, ikisema imefungwa, rfkill unblock all. Na anayefikiria kubadilisha kadi kabisa, ThinkPad za zamani zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya bayosi, ukiweka ya nje ya orodha mashine inagoma kubuti na kukuandikia kosa 1802. Ulizeni kwanza kabla ya kutoa hela.

Mbali_Muscat
Kwa wenye desktopu. Ubao mama mpya mara nyingi una Ethernet ya 2.5G, Realtek 8125, na diski za zamani za Windows 10 haziijui, unachomeka waya taa haiwaki ndani ya Windows. Draiva kwenye flashi kabla hujaanza. Na anayeng'ang'ania Windows 7 kwenye ubao mpya, huko hata flashi haisomi maana haina draiva ya USB 3, kwa hiyo shida ya mtandao hujaifikia bado.

Nuru_ZNZ
Simu imekubali nimepita. Sasa nipo ndani, Hardware Ids inasema VEN_14C3 na DEV_7961.

Kanda_ya_Ziwa
MediaTek MT7921. Acha simu imechomekwa, nenda Windows Update, Advanced options, Optional updates, fungua sehemu ya draiva, tiki ya MediaTek, zote mbili, ya waifai na ya Bluetooth, ni kadi moja hiyo.

Nuru_ZNZ
Imewaka, ahsanteni sana Mungu awabariki. Bluetooth nayo.

MamaTech254
Sasa kabla hujafunga, flashi na pnputil.

dongo_la_elfu
Wakuu mwenye draiva ya printa ya zamani ya tundu refu la LPT kwa Windows 11?

Chomeka_Tu
Fungua uzi wako mkuu, na uandike modeli.