Tupeane uzoefu: kumpeleka ndugu mwenye ulemavu kwenye bustani za michezo

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mwanangu wa kwanza ana miaka 11 na ana mtindio wa ubongo. Anaelewa kila kitu na ni mcheshi kweli, lakini hatembei, wala hakai bila kuegemezwa. Sikukuu ya Idd iliyopita tulimpeleka pamoja na wadogo zake wawili kwenye bustani ya michezo ya maji, tukalipa kiingilio cha watu watano, yeye akiwemo. Kutoka getini hadi kwenye mabwawa njia ni ya mchanga, hivyo magurudumu ya mbele ya kiti mwendo yalizama na baba yake akalazimika kukigeuza na kukivuta kinyumenyume. Kwenye bembea la kuzunguka, kijana msimamizi alikataa asipande. Nilipomuuliza kama ningeweza kupanda naye nikiwa nimempakata, alinijibu kwamba hajawahi kuulizwa jambo hilo. Choo kilikuwa na ngazi mbili na hakina mahali pa kumlaza mtoto mkubwa, kwa hiyo pampasi nilimbadilishia ndani ya gari. Muda wote tuliokaa pale alikuwa chini ya mwavuli, amepakata kandambili za wadogo zake, na kila walipopita mbio alizinyanyua kuwaonyesha kwamba bado anazo.

Wadogo zake wanaomba turudi. Naomba mliokwisha kupita njia hii mtueleze mlifanyaje.

Mchangiaji, Mombasa

Pole sana mama. Wangu ana usonji, kwa hiyo kinachotushinda sisi ni kelele na kungoja. Mara ya kwanza tulikwenda Jumapili ya likizo, spika zikilia kila upande. Tulipokuwa kwenye foleni alijitupa chini akaziba masikio, na watu wakatuzunguka wakitazama. Mara ya pili tulimwombea ruhusa shuleni, tukaenda Jumanne, tukaingia geti lilipofunguliwa, naye amevaa vizuia kelele masikioni. Siku mbili kabla nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu picha za geti, bwawa na choo, mpaka akawa anazitaja kwa mpangilio. Alipanda treni ndogo mara sita mfululizo kwa sababu nyuma yetu hapakuwa na mtu.

Mchangiaji, San Antonio, Texas

Dada yangu mkubwa alipooza miguu kwa polio akiwa mdogo, na alipokuja kututembelea tulimpeleka Morgan's Wonderland. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 2010 na Gordon Hartman, ambaye binti yake Morgan ana ulemavu. Wakiwa safarini, baba huyo alimwona binti yake akijaribu kucheza na watoto wengine kwenye bwawa la kuogelea, nao wakatoka majini. Ndipo alipowaza mahali ambapo jambo hilo lisingetokea. Mwenye ulemavu haingii kwa malipo. Bembea lina jukwaa ambalo kiti mwendo kinaingizwa na kufungwa, na lile la kuzunguka lenye farasi lina vibanda vinavyopanda na kushuka pamoja na aliyekaa kwenye kiti chake. Upande wa maji, uliofunguliwa mwaka 2017, una viti mwendo vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa kuwa kiti cha betri hakipaswi kulowa. Dada alizunguka pale akiwa ameshika kilemba chake kwa mkono mmoja, kisha akaniambia kwamba hilo lilikuwa bembea lake la kwanza tangu azaliwe. Najua nyumbani hatuna fedha za namna hiyo, lakini jukwaa la chuma na mikanda ya kufungia kiti hata fundi wetu wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza akipewa vipimo.

Mchangiaji, Moshi

Mimi ndiye ninayebebwa, kwa hiyo naomba niseme kwa upande huo. Niliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda. Nikifika sehemu hizi, vijana wenye nia njema hunivuta kwa mikono, mmoja kulia na mwingine kushoto, na bega langu moja limewahi kuteguka kwa sababu hiyo. Kubebwa salama ni mtu mmoja kunishika kwa nyuma chini ya makwapa, mwingine chini ya mapaja, na kuinua kwa pamoja baada ya mimi kuhesabu. Tafadhali niulizeni mimi mwenyewe, msimuulize mke wangu kama nitaweza. Na mama, ujue kwamba hukuwa unaomba hisani: Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja wazi michezo na burudani ya watoto.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, na kaka wa Moshi nakushukuru kipekee, kwa sababu nimegundua kwamba hata mimi sikumuuliza mwanangu alitaka kupanda nini. Nimemuuliza jana usiku nikimtajia moja moja, naye akakubali kwa macho niliposema treni. Leo nimepiga simu kwenye bustani nyingine kuulizia njia, choo, na kama naweza kumpakata. Msimamizi ameniomba nimtumie vipimo vya kiti, akapime mlango wa behewa.