Wenye mulikuwa CP (kiongozi wa promosio, ndiyo kusema darasa) ao komite mukisoma psiko (saikolojia) Goma: tupeane uzoefu

Mwana Katindo
Jambo batu ya hapa. Leo nimepita kwa geti ya kampasi moja nikakuta CP mmoja, binti mudogo tu, promosio yote imemuzunguka, kila mutu anapiga kelele "pointi yetu iko wapi", yeye ameshikilia mafaili kwa kifua. Na asista mwenye kupoteza kopi za intero (mitihani midogo) amepanda moto (pikipiki) amejiendea zake. Nilicheka, kisha nikasikia uchungu juu nimepitia mule mule. Wenye mulisoma psiko na mukaongoza promosio, leteni visa. Miye naanza: CP wa psiko anateseka kuliko CP wa fakilte zingine juu kila mutu anakuanaliza. Ukikasirika kidogo, "CP anafanya projeksio, anatupia wengine hisia zake". Ukinyamaza, "anafinyilia hisia". Hata ukichelewa juu ya mvua wanatafuta maana.

Zawadi wa Himbi
😂😂 Kwetu ilikuwa "hiyo ni mambo ya utoto wako".

CP Mustaafu
Mudogo wangu umenigusa. Miye niliongoza enzi za graduat, mbele LMD (mfumo mupya wa lisansi, masta, dokta) haijaingia na ile mwaka ya 2021-2022, tulikuwa G1, G2, G3 kisha lisansi miaka mbili, kwa hiyo kama watu walikuchagua G1 unaweza kuwabeba paka mwisho. Shida yangu haikuwa pointi, ilikuwa silabusi. Profu anakuja na karton, anakuachia, anasema "nataka feza na orodha ya wenye wamenunua". Orodha njo mtego wenyewe, kila mutu anajua jina ikikosa pale kitatokea nini siku ya delibe, wakati maprofesa wanaamua nani amepita, hata kama hakuna mwenye kukisema. Sasa usiku wanafunzi wanakuja kwa nyumba, mmoja mama yake anauza sambaza kule Kituku, ziwa limechafuka wavuvi hawajatoka, mwingine anasukuma chukudu (kile kipikipiki cha mbao cha kubeba mizigo) vakansi yote ili apate minervali (feza ya masomo), wote wanasema "CP niandike tu, nitakupa". Ukimuandika, deni ni yako. Ukikataa, wewe ni mutu mubaya na utakutana naye kwa odituari (chumba cha masomo) kila siku. Niliandika. Kuna mmoja sasa anatembeza gari nzuri mjini, akiniona anafunga kioo.

Makoro ya Juu
Taja jina 😂

CP Mustaafu
Apana, ana watoto.

Dada Neema
Miye ilikuwa kura. Nilishinda, wote waliona namba kwa ubao, kisha wakubwa wa promosio wakakaa pembeni wakarudi na "akili nzuri": kijana awe CP, miye CPA (musaidizi wake), juu CP anapashwa kukimbia kwa biro ya apparita (wenye kuandikisha wanafunzi), kuzungumza na maprofesa, na "binti atachoka". Nikauliza, kwa ubao kura zilienda kwa nani? Wakacheka. Nikakaa CP. Mwaka yote walinipima, mutu anakuja saa nne usiku kuuliza ratiba ya kesho yenye iko imebandikwa kwa valve (ubao wa matangazo). Lakini hakuna profu hata mmoja alirudisha silabusi na kusema orodha haiko sawa.

Papa Exau
Lakini dada, tuseme ukweli, banabinti wengi bakipata u-CP banakuwa wakali kupita.

Dada Neema
Papa, kijana akiwa mukali munasema anajua kuongoza. Nakuheshimu lakini wapi.

Zawadi wa Himbi
Papa amepata yake 🙌

Mwana wa Ndosho
Ukali ao upole, tulisoma jibu yake. Munakumbuka Kurt Lewin na wenzake, Lippitt na White, 1939? Vijana wa miaka kumi hivi kule Iowa, wanatengeneza maski kwa vikundi, kikundi kimoja mukubwa anaamuru kila kitu, kingine wanajadiliana naye, kingine anawaachilia tu. Cha amri kilikuwa kinafanya kazi sana, lakini mukubwa akitoka kwa chumba, kazi inakufa. Cha kujadiliana kiliendelea hata bila yeye. Miye kwa akili yangu ya G2 nikasema nitaongoza kidemokrasia. Kwa kuchagua siku ya kufanya TP (kazi ya vitendo) ya takwimu tulijadiliana paka asista akachagua yeye mwenyewe, na akachagua siku ya mazishi ya bibi ya mwenzetu. Tangu hapo nilikuwa natoa amri na nikitoka kwa odituari wanalala, sawa sawa na Iowa.

Makoro ya Juu
😂😂😂 sayansi imethibitishwa Ndosho

Yaya Bahati
Sikukusudia kuandika, lakini munavyocheka mumenirudisha mbali. Miye nilikuwa CP wa G2 mwaka 2021. Munajua tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho (Jumamosi) magaribi, Nyiragongo ilipasuka, mbingu ikawa nyekundu hata kwa sisi wa upande wa ziwa. Miye nilikuwa na kaye (daftari) ya promosio, kaye ya kawaida ya kurasa mia, jina, namba ya simu, mtaa, na namba ya simu ya mzazi, nilikuwa nimeiandika juu ya kotizasio ya matanga. Ile usiku ikawa kitu kingine. Nilikaa kwa mlango nikapiga namba moja moja, rezo inakatika, nikipata mutu naweka alama, nikikosa naruka. Mmoja wa kule Buhene, upande lava ilifika, sikumpata. Asubuhi lava imesimama karibu na uwanja wa ndege, tukasema imekwisha, kumbe udongo ukaanza kutetemeka kila saa, kuta zinapasuka, barabara inapasuka. Alhamisi tarehe 27, mbele kucha, gavana wa kijeshi anatangaza kwa redio mitaa kumi itoke. Nani wa Goma hajui ile barabara ya kukimbilia Sake ile siku. Godoro kichwani, mbuzi, wagonjwa juu ya chukudu, moto moja imebeba familia. Na watoto wanapotea mkononi mwa mama yao hivi hivi, unasikia mutu anaita jina moja saa yote.

Sake tulilala kwa darasa la shule. Tulikutana kama kumi wa promosio na wengine wa G3. Mwenzetu mmoja, mutu mwenye moyo sana, akasema siye ni wa psiko, hatuwezi kukaa tu, tufanye groupe ya kuongea. Akakalisha wamama duara, akasema kila mmoja aeleze kitu kibaya kuliko byote alichokiona. Wa kwanza alieleza. Wa pili alianza, akafika pale kamba ya kitenge alikuwa amefungia mtoto mgongoni ilifunguka kwa msukumano, na hapo hakusema tena, alianza kupiga kelele, siyo kilio, kelele, na watoto wote wa darasa wakaanza naye. Nilisimama nikasema basi, imetosha, kila mutu apumzike. Mwenzangu alinikasirikia mbele ya watu, "wewe ni CP wa silabusi, siyo wa hapa". Nilimuacha aseme. Nikamukalia yule mama pembeni, sikumuuliza kitu, nikampa kifuniko cha bidoni na maji. Kisha aliniambia jina ya mtoto na nguo alikuwa amevaa. Niliandika nyuma ya kaye yangu, nikaipeleka kwa watu wa Msalaba Mwekundu wenye walikuwa wanaandika watoto waliopotea. Zile siku zote kazi yangu ikawa hiyo, jina, nguo, mtaa. Wengine walicheza na watoto mpira wa makaratasi.

Zawadi wa Himbi
Yaya. Mtoto alipatikana?

Yaya Bahati
Alipatikana, Minova, na watu wa kanisa. Yule wa Buhene naye nilimpata kwa simu, nyumba hakuna.

Mwana Katindo
Nimekosa neno. Pole sana yaya.

Asista Asiyelipwa
Samahani lakini niseme kitu. Wanafunzi wa G2 hawapaswi kugusa wahanga. Mulikuwa munafanya terapi bila haki.

Yaya Bahati
Soma tena. Niliandika nguo za mtoto. Hiyo ni terapi?

Mwana wa Ndosho
Asista, huduma ya kwanza ya kisaikolojia siyo terapi na haingojei diplome. OMS (Shirika la Afya Duniani) ilitoa mwongozo tangu 2011, mambo tatu tu: angalia, sikiliza, unganisha mutu na msaada. Kile CP alifanya njo hicho. Kile ya duara, kulazimisha watu waeleze hapo hapo, njo OMS inakataza, juu haisaidii na inaweza kuumiza.

Asista Asiyelipwa
Kwa hiyo tunakubaliana, duara ilikuwa mubaya.

Dada Neema
Hamukubaliani, wewe ulimlaumu mwenye kulisimamisha.

Papa Exau
Miye nilikuwa Sake pia na hakuna mutu wa psiko alinikuta, nilikuta tu bei ya maji imepanda mara tatu.

CP Mustaafu
Papa 😂 lakini ni kweli.

Furaha L1
Jambo wakubwa. Miye niko L1, kura yetu ni wiki ijayo, wananisukuma niingie. Munipatie mashauri.

CP Mustaafu
Usishike feza ya mutu. Hata ya mafotokopi. Weka mutu wa kesi (mweka hazina) na kaye yake mwenyewe.

Makoro ya Juu
Shika feza, usishike deni.

Dada Neema
Ingia mudogo. Na wakikuletea u-CPA kwa heshima, kataa kwa heshima.

Mwana Katindo
Zima simu saa tatu usiku.

Yaya Bahati
Usizime. Na andika namba ya mzazi wa kila mmoja, kwa kaye, siyo kwa simu peke yake, simu inaisha chaji.

Asista Asiyelipwa
Soma kwanza, mudogo. CP wengi wanaenda sesio ya pili (kurudilia mitihani).

Mwana wa Ndosho
Na nani alipoteza kopi zao za intero, asista?

Asista Asiyelipwa
Siyo miye, miye niko fakilte ingine.

Furaha L1
Sasa nizime simu ao nisizime?